Hoja ya Sita

Kidato cha tano, kipindi cha tatu. Mlima bado haujafunua uso,
nami nachora msalaba wangu wa kila mwaka:
mahitaji yanashuka, ugavi unapanda,
vinapokutana naweka nukta, nasema, "Hapa pametulia."
Kitabu kimesema kwa Kiingereza, mimi nafafanua kwa Kiswahili,
na katikati ya lugha hizo mbili vumbi la chaki
linatua juu ya sweta za kijani.

"Serikali ikitia mkono," nasema, "nukta hii inahama."
Navuta mstari wa bei elekezi chini yake,
pengo linalobaki nalipaka chaki nyekundu: upungufu.

Twalibu, mtoto wa duka la Mbuyuni, anacheka kwa pua.
"Mwalimu, hiyo nyekundu naijua. Ni mvungu wa kitanda cha baba.
Mwaka ule walipotangaza bei ya sukari redioni
sukari yetu ililala huko wiki mbili,
ikiamka usiku tu, kwa anayejua kugonga."

Darasa linapiga meza. Nami nacheka,
ila pua yangu imekwisha kurudi utotoni,
kwenye foleni ya duka la kaya,
nimeshika kadi ya mama kwa mikono miwili
tangu umande hadi jua la utosi,
nikafika dirishani, yule bwana akaniambia, "Sabuni imekwisha,"
naye ananukia sabuni.

Hilo siwaambii. Halimo kwenye muhtasari.

"Basi," nauliza, "tuliache soko lijiendeshe?"
Anasimama Ndeanasia, wa Kibosho,
kidole bado kina wino.
"Mwalimu, huo mkono usioonekana, tunaulambaje?
Kwetu mkono mtupu haulambwi."
Babu yake, anasema, alikatazwa kung'oa hata mkahawa mmoja.
Baba yake akaruhusiwa; akang'oa yote, akapanda nyanya,
wala si kwamba kuna mchoro uliomshawishi.
Wanunuzi walikuja na lori lao na mizani yao,
na gunia lililokuwa kilo hamsini sebuleni
likawa arobaini na tatu barabarani.
"Pametulia, sawa. Lakini hapo kwenye nukta,
muhuri wa mizani kapiga nani?"

Miaka ishirini na sita nimeiweka nukta ile.
Sijawahi kuchora mizani.

"Na mpiga muhuri naye ana bei yake," anasema Twalibu,
safari hii hacheki.
"Basi achunguzwe."
"Na nani?"
"Na sisi tunaouza."
"Na sisi tunaonunua je?"
Sikumbuki nani alisema hilo la mwisho. Huenda ni mimi.
Kengele ikatukata.

Mwongozo wa kusahihisha unataka hoja tano za kutetea,
tano za kupinga,
na hitimisho lisilomkera mtu.
Usiku, taa ya mezani ikimeremeta kwa umeme hafifu,
nafika kwenye karatasi ya Ndeanasia.
Za kupinga ni tano. Za kutetea ni sita,
na ya sita wala haitetei; imekaa pembeni kama mgeni asiyealikwa:

*Mfongo wetu hauuzwi, wala hauna mkurugenzi.
Zamu ya mama ni saa tisa usiku. Anakwenda na tochi na jembe.
Anayeiba maji anatozwa debe la mbege,
na anayemtoza ni jirani aliyewahi kutozwa.
Sijui hii iko upande gani, mwalimu.*

Hakuna alama ya hoja ya sita.
Nikaiwekea moja, kwa penseli.
Nikaifuta.
Nikaiweka tena, kwa wino mwekundu ule ule
niliopakia sukari ya Twalibu daftarini mwangu,
na kesho itanibidi niitetee
mbele ya mwalimu wa taaluma,
mtu mwema, msafi, mwenye rula mfukoni,
asiyependa kitu chochote
kilichozidi tano.